Vipeperushi Viliingiaje Hazinani?

Filamu ya Ocean's Eleven ya mwaka 2001 ikirudiwa kwenye runinga, hata kama ni mara ya kumi, lazima mtu mmoja sebuleni atauliza: "Sasa vile vipeperushi vya kwenye mabegi ya fedha viliingiaje mle hazinani?" Wengine watamnyamazisha waendelee kutazama. Mimi nimekuwa mnyamazishaji kwa miaka mingi, mpaka siku moja nilipokaa na kalamu na kikokotoo nikagundua kwamba muulizaji alikuwa na haki, tena kuliko yeye mwenyewe alivyodhani.

Yapo na maswali mengine. Danny Ocean, kiongozi wa wezi, alitokaje kwenye chumba alichofungiwa? Kwa nini walimdanganya Linus, mwenzao? Mtambo unaweza kweli kuzima mji mzima na kuuwasha tena? Karibu yote yana majibu, na majibu mengi yamo ndani ya filamu yenyewe. Asiyeitazama bado anaweza kuishia hapa, ingawa miaka zaidi ya 20 ni muda wa kutosha kuitazama.

Tukumbushane kwa ufupi. Danny (George Clooney) anatoka jela New Jersey na siku hiyohiyo anaanza kupanga wizi wa kasino tatu za Las Vegas: Bellagio, Mirage na MGM Grand. Zote ni za mtu mmoja, Terry Benedict (Andy Garcia), na fedha zake zote hulala kwenye hazina moja chini ya Bellagio. Benedict huyo ndiye anayetembea sasa na Tess, mtalaka wa Danny. Usiku wa pambano kubwa la ngumi, hazina inatarajiwa kuwa na dola milioni 150. Ukifika usiku wenyewe zimezidi milioni 160. Danny na mwenzake Rusty (Brad Pitt) wanakusanya genge la watu 11.

Kabla mpango haujaanza, tajiri Reuben Tishkoff, anayeombwa kuugharamia, anauliza swali ambalo watazamaji wengi hulipita kwa sababu limefichwa ndani ya mzaha. Tuseme mmezipita kamera, milango na walinzi wenye bunduki, mkafika nje na fedha mkononi. Hapo bado mko katikati ya jangwa. Mnakwenda wapi?

Hilo ndilo swali la filamu nzima. Kuingia kunachukua muda mwingi kwenye kioo kwa sababu kunapendeza: mwanasarakasi kukunjwa ndani ya toroli la fedha, watu kuning'inia kwenye shimo la lifti, mzee Saul kujifanya mfanyabiashara wa silaha na kupeleka "zumaridi" ambazo kumbe ni vilipuzi. Yote hayo ni mbwembwe. Kazi yenyewe ni kutoka, na kutoka kumejengwa juu ya kitu kimoja tu, hasira ya Benedict.

Rusty anampigia Benedict kwa simu iliyodumbukizwa kwenye koti la Tess, ambaye hana simu. Anamwambia atazame kamera za hazina, na kwenye kamera wanaonekana watu waliofunika nyuso wakipakia fedha. Masharti ni haya: nusu ya fedha imo kwenye mabegi, itolewe nje na kupakiwa kwenye gari, nusu iliyobaki imetegeshewa mabomu. Ukikubali unapoteza milioni 80 kimyakimya. Ukikataa zinateketea zote 160 na dunia nzima itajua.

Benedict anakubali kwa mdomo, kisha anaita polisi kwa mkono mwingine. Hapo ndipo watazamaji wengi hudhani mpango umeharibika, kumbe ndipo unapokamilika. Simu yake ya polisi inanaswa na Livingston, fundi mitambo wa genge. Kikosi maalumu kinachowasili na kofia za chuma na bunduki ni wezi wenyewe. Wanashuka hazinani, taa zinazimwa, milio ya risasi inasikika, mlipuko unaonekana kwenye kamera, kisha "polisi" wanatoka na mabegi yao ya vifaa. Ndani ya mabegi hayo ndimo zilimo fedha. Reuben amejibiwa: unatoka kwa kufunguliwa mlango na mwenye mali, huku akikuharakisha.

Angekuwa mtu wa kukubali hasara, wizi ungeshindikana. Angesema "chukueni hizo 80," kisha akakaa kusubiri, na jamaa wangebaki chini ya ardhi na magunia ya noti bila njia. Kwa hiyo kumpeleleza Benedict katika nusu ya kwanza ya filamu si udadisi tu. Linus (Matt Damon) anamfuata siku nyingi akinukuu ratiba yake, na anachorudi nacho ni picha ya mtu asiyependa kushindwa na anayelipiza mpaka kwa ndugu wa aliyemkosea. Genge halikuhitaji kujua anakula saa ngapi. Lilihitaji uhakika kwamba akitishwa atajibu.

Na hapo linajibiwa swali la Danny. Wengi huona kwamba kumfuata Tess kulimtoa relini: Benedict akamgundua, Rusty akamfukuza kwenye mpango, walinzi wakamkamata na kumfungia kwenye chumba kisicho na kamera ili apigwe na jitu moja la miraba minne. Ila jitu lenyewe ni rafiki yake. Danny anapanda juu kwenye njia ya hewa, anamkuta Linus kwenye lifti, wanateremka pamoja kuiba, kisha anarudi chumbani kujifanya ameumizwa kabla Benedict hajaja kuhakikisha. Ugomvi na Rusty ulikuwa maigizo. Kukamatwa kwake kulikuwa ndiyo ushahidi wake: mwizi gani anaiba hazina huku amefungiwa na walinzi wa mwenye hazina?

Linus alidanganywa kwa nini, basi? Anapouliza, Danny anamjibu kimzaha kwamba wangemwambia isingenoga. Mimi naona sababu ya maana zaidi. Siku hiyo Linus alikuwa amepewa kazi ngumu kuliko wote: kujifanya ofisa wa Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Nevada, kukaa meza moja na Benedict, na kuchomoa namba za siri za hazina kutoka mfukoni mwake. Namba hizo hubadilishwa kila baada ya saa 12. Kijana anayeamini kwamba kiongozi kafukuzwa na kwamba kila kitu sasa kiko juu yake hatakuwa na nafasi ya kulegea. Tena, kama angekamatwa, asingekuwa na la kusema kuhusu Danny. Filamu haisemi hivyo, lakini hakuna ndani yake kinachokataa.

Hoja yangu sasa. Filamu hii inamwibia mtazamaji kwa mbinu ileile ambayo genge linamwibia Benedict, yaani kumchagulia cha kutazama. Benedict ana kamera kila kona na anaamini kioo kuliko macho yake. Genge limejenga ghalani mfano kamili wa hazina yake, likajipiga picha likiiba humo, kisha likamrushia mkanda huo kama tukio la moja kwa moja. Sisi nasi, tangu mwanzo, tuliliona lile ghala. Tuliambiwa ni la mazoezi, tukaridhika. Hakuna tulichofichwa kabisa. Tulipewa maelezo ya uongo juu ya kitu tulichokiona kwa macho. Huo ni uungwana wa aina yake. Mtungaji aliyekuonyesha silaha mapema hana deni kwako ikifyatuliwa.

Kwa kipimo hicho maswali mengi yanafungwa. Linabaki moja.

Watu wa Benedict wanalifuata gari mpaka uwanja wa ndege na kugundua kwamba halina dereva, linaendeshwa kwa rimoti. Mabegi yanapofunguka hayana fedha. Yamejaa vipeperushi vya makahaba, vile vinavyogawiwa kwa wapita njia kwenye barabara kuu ya kasino za Las Vegas. Tusi zuri sana. Lakini mabegi hayo yalitoka chini hazinani, yakabebwa na walinzi wa Benedict mwenyewe, kabla ya "polisi" kufika. Kwa hiyo vipeperushi vilikuwa mle ndani mapema. Viliingizwa na nani?

Tuhesabu walioingia. Yen, yule mwanasarakasi, aliingia amejikunja ndani ya toroli ambalo halikuwa na nafasi ya kuongeza hata gazeti. Mkoba wa Saul ulikuwa na vilipuzi. Danny na Linus waliteremka kwa kamba kwenye shimo la lifti wakiwa na vifaa vyepesi. Basi. Hakuna mwingine.

Utasema vipeperushi ni karatasi tu, vingejipenyeza namna gani haijalishi. Nilidhani hivyo mpaka nilipopiga hesabu. Noti ya dola, iwe ya 1 au ya 100, ina uzito wa takriban gramu 1. Dola milioni 80 zikiwa zote noti za 100 ni noti 800,000, sawa na kilo 800. Mabegi ya chambo yanapaswa kuwa na uzito unaokaribia huo, la sivyo mlinzi anayebeba fedha kila siku ya maisha yake atashtuka pale tu anapolinyanyua la kwanza. Maana yake, genge lilitakiwa kuingiza kwa siri kilo mamia kadhaa za karatasi mahali ambapo mpango mzima umeandikwa kueleza jinsi ilivyo vigumu kuingiza mtu mmoja mwembamba.

Kwenye vibanda vya video vya mitaani kwetu, ambako wengi walizijua filamu za Marekani kupitia sauti ya msimulizi, tatizo hili lingekwisha kwa pumzi moja. Angepachika sentensi yake, "hapa jamaa walishapitisha mizigo yao jana yake," stelingi angeendelea na safari na hakuna ambaye angelalamika. Mtunzi wa filamu, Ted Griffin, hakutuwekea hata hiyo sentensi.

Nakuongezea na chumvi. Hesabu hiyohiyo inawagusa "polisi" wanaotoka na fedha. Dola milioni 160 kwa noti za 100 ni kilo 1,600. Hiyo ni mifuko 32 ya saruji ya kilo 50. Genge lina watu 11. Mtoe Danny aliyerudi chumbani, mtoe Saul aliyejifanya kufa, mtoe Reuben ambaye kazi yake ni kulipa. Wanabaki wanane kwa wingi wao wote, nao waligawana kazi. Kila mmoja angetoka na kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji mabegani, akitembea mbele ya Benedict bila kuinama. Na hapo nimewahurumia kwa kuwapa noti kubwa tupu, jambo ambalo hazina ya kasino haiwezi kuwa nalo. Ingiza noti za 20 kwenye hesabu uone.

Lakini uzito wa mabegi ya kutokea haunisumbui kama vipeperushi. Uzito ni chuku, na filamu za namna hii huishi kwa chuku. Tunajua misuli ya sinema haichoki. Vipeperushi ni jambo jingine. Hapo filamu inavunja sheria iliyojiwekea ya kutuonyesha kwanza. Kila kingine kilipita mbele ya macho yetu kikiwa kimevaa jina bandia. Vipeperushi havikupita popote.

Na kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwemo mlemle hazinani. Kasino haiwezi kufanya kazi bila noti ndogo. Noti ya dola 1 ina umbo lilelile na uzito uleule wa noti ya dola 100. Wangejaza mabegi ya chambo kwa noti za dola 1, kilo 800 zingewagharimu dola 800,000, yaani nusu asilimia ya mzigo. Mlinzi angefungua zipu akaona fedha halali. Hakuna ambacho kingehitaji kuingizwa kutoka nje. Na Benedict angebaki na mabegi ya chenji. Hilo nalo si tusi dogo kwa mtu kama yule. Kwa nini hawakufanya hivyo? Nadhani kwa sababu kipeperushi kinachekesha upesi, na rundo la noti ndogo linahitaji maelezo. Mtunzi alichagua kicheko. Simlaumu sana, ila asitegemee wenye vikokotoo wanyamaze.

Kuhusu mtambo wa kuzima umeme, nitakwenda haraka. Basher (Don Cheadle), mtaalamu wa baruti, anaiba kifaa maabara na kukiwasha ndani ya gari dogo huku amejikinga sehemu za chini kwa mikono, na Las Vegas yote inaingia gizani kwa muda mfupi. Jina la kifaa, "pinch" (yaani mbano), limetoka kwenye fizikia ya kweli: mkondo mkubwa wa umeme ukipita kwenye gesi iliyochajiwa hujenga nguvu ya sumaku inayoibana gesi hiyo. Mtambo mashuhuri wa kazi hiyo uko maabara ya Sandia, New Mexico, una upana wa mita zipatazo 33, na hauingii kwenye gari lolote. Mlipuko wa nguvu ya sumaku-umeme nao upo kweli. Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya bahari ya Pasifiki, na taa za barabarani zipatazo 300 zikazimika Hawaii, umbali wa kilomita 1,400 hivi. Kumbuka hilo lilikuwa bomu la nyuklia, na halikuuzima hata mji wa Honolulu wote. Tena nguvu hizo zikizima kifaa mara nyingi huwa zimekiunguza. Hakiwaki baada ya nusu dakika kama vile fundi karudisha swichi. Na kama zingeunguza kamera za Benedict, zingeunguza na mitambo ya Livingston pale pale jengoni. Hili ni chuku pia, na nimelisamehe.

Hoja ya sheria ina nusu ya ukweli. Danny anadai kwamba Tume ya Nevada inailazimu kasino kuwa na fedha za kutosha kulipia kila chipsi iliyo mezani (hizi si za mayai, ni vile vidude vya mviringo vinavyochezewa badala ya noti). Kanuni ya namna hiyo ipo kweli: kasino lazima iwe na akiba ya kuwalipa wachezaji. Ila kanuni inaruhusu akiba hiyo iwe taslimu au mali inayolingana na taslimu. Hailazimishi mtu kurundika milioni 160 chini ya sakafu. Kwa upande mwingine, lile la kasino tatu kuwa na mwenyewe mmoja, ambalo linasikika kama limetungwa, lilikuwa kweli. Kampuni ya MGM Grand iliinunua kampuni iliyomiliki Mirage na Bellagio mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya filamu kutoka. Lisilo kweli ni lile pambano la ngumi: Lennox Lewis na Wladimir Klitschko wanaoonekana ulingoni ni wenyewe, lakini hawakuwahi kupigana. Aliyepigana na Lewis ni kaka yake Wladimir, Vitali, mwaka 2003, tena Los Angeles.

Ukitaka kuona swali la Reuben likijibiwa na maisha, Bellagio yenyewe ilitoa jibu Desemba 2010. Mtu mmoja aliyevaa kofia ya pikipiki aliingia na bastola alfajiri, akachota chipsi za dola milioni 1.5 mezani, akatoka na kuondoka kwa pikipiki. Dakika chache tu, bila mwanasarakasi wala giza. Halafu? Zenye thamani kubwa zaidi zilikuwa za dola 25,000 kila moja, na kasino ikatangaza kwamba chipsi za toleo hilo zitaacha kutumika Aprili mwaka uliofuata. Ukipeleka rundo lake dirishani unajikabidhi mwenyewe. Jamaa akaanza kutafuta wanunuzi pembeni, na Februari akanaswa akimuuzia askari kanzu. Kuingia alifaulu kuliko Danny. Mpango wa kutoka ndio alikuwa hana.

Narudi kwenye hazina ya Benedict. Anapourudia mkanda wa wizi anagundua kwamba sakafuni halipo jina la Bellagio, nalo lilikuwa limewekwa Jumanne ya wiki hiyo. Ghala la mazoezi lilinakiliwa kabla. Anajua ameibiwa na anajua aliyemwibia. Hana cha kupeleka mahakamani. Danny alikuwa mikononi mwa walinzi wake. Anaambulia kumkabidhi kwa polisi kwa kosa la kutoka New Jersey kinyume cha masharti ya kuachiwa kwake, na Danny anarudi jela kwa miezi michache. Hata Tess anampoteza kwa kamera: Danny anamuuliza kama angemwacha Tess ili arudishiwe fedha, Benedict anajibu ndiyo, na Tess anayasikia yote kwenye runinga ya chumbani kwake.

Siku ya kuachiwa, Rusty anamsubiri Danny nje ya gereza, Tess yuko ndani ya gari. Wanaondoka wakitaniana. Nyuma yao gari jingine linawasha injini, na ndani yake wamo wanaume wawili wa Benedict. Wengine huuliza kama tukio hilo ni kosa, maana wizi si umekwisha? Hapana. Ni Reuben anauliza tena swali lake, na ilichukua mpaka filamu ya pili, mwaka 2004, Benedict alipowafikia mmoja mmoja kudai fedha zake pamoja na riba.